Uzi: FAR 69, REG 73. Nirudie ipi kwanza? (CPA ya Marekani)

LejaNyekundu

Habari za jukwaani, wakuu. Naomba ushauri wenye hesabu ndani yake. Niko kwenye CPA ya Marekani (mtihani wa leseni ya uhasibu), mfumo huu ulioanza Januari 2024: AUD (ukaguzi), FAR (uhasibu na taarifa za fedha) na REG (kodi na sheria ya biashara) ni za lazima kwa wote, kisha unachagua disiplini moja kati ya BAR (uchambuzi na taarifa za biashara), ISC (mifumo ya habari na udhibiti) na TCP (kodi na mipango yake).

Hali ilivyo sasa, Oktoba 2025: AUD nimefaulu, matokeo yalitoka Agosti. REG nilipata 73, niliifanya Juni. FAR nimepata 69, majibu yametoka mwezi uliopita. Disiplini sijachagua. Shahada niliichukulia Dar, kwa hiyo msingi wangu ni IFRS (viwango vya kimataifa vya uhasibu). Kazi yangu ni ofisi ya kodi: kuanzia mwisho wa Januari hadi 15 Aprili kusoma hakuna. Nje ya hapo napata kama saa 14 kwa wiki.

Ripoti ya FAR inasema hivi: eneo la kwanza niko sawa, la pili na la tatu dhaifu, maswali ya kuchagua sawa, simulesheni (kazi za vitendo kwenye kompyuta) dhaifu. Ripoti ya REG: maadili na taratibu za kodi imara, sheria ya biashara dhaifu, mali na kodi za watu binafsi na za kampuni sawa, maswali ya kuchagua dhaifu, simulesheni sawa.

Niende na ipi kwanza, na kwa nini?

---

Mizani_Sawa

Karibu dada. Kabla ya FAR au REG, tuliondoe suala la saa mezani, maana watu wengi huamua kwa hofu ya muda wakati muda wanao.

Zamani, ukishafaulu sehemu ya kwanza, ulikuwa na miezi 18 ya kumaliza zilizobaki. NASBA (umoja wa bodi za uhasibu za majimbo) ilibadilisha kanuni yake ya mfano mwaka 2023 ikawa 30, na majimbo mengi yameifuata, ingawa si yote kwa namna moja. Fungua ukurasa wa bodi ya jimbo lako, soma tarehe iliyoandikwa, usitegemee jukwaa. Katika kanuni hiyo miezi huhesabiwa tangu siku matokeo yalipotolewa, na inayotazamwa upande wa mwisho ni siku utakayokaa kufanya sehemu ya mwisho, hata kama majibu yatatoka baadaye. AUD ya Agosti 2025 inakupeleka Februari 2028. Umebakiwa na sehemu tatu na zaidi ya miaka miwili. AUD haikukimbizi, kwa hiyo isiwe sababu ya kuchagua chochote leo.

La pili: 73 na 69 si asilimia. Ni alama za mizani ya 0 hadi 99, na 75 ndiyo mstari wa kufaulu. Huwezi kusema "REG nilikosa maswali mawili, FAR sita". Baadhi ya maswali hayahesabiwi kabisa kwa sababu yanajaribiwa kwa matumizi ya baadaye, na maswali hayana uzito sawa. Alama inakwambia uko karibu au mbali. Ripoti ndiyo inayokwambia uko karibu na nini.

---

BintiHesabu

Mimi nasema FAR, na sababu zangu ni tatu.

FAR umeifanya juzi. Ndiyo sehemu yenye mambo mengi kuliko zote, na ndiyo inayovuja haraka zaidi kichwani. Ukiiacha sasa, msimu wa kodi ukupitie, utarudi kwake Mei ukiwa umesahau nusu. REG yako ni ya Juni, hiyo tayari imeshapoa. Kupoa zaidi hakutabadilisha sana.

Pili, kazi yako ni kodi. REG unaishika kila siku kazini. FAR hakuna anayekukumbusha.

Tatu, ukishafaulu FAR na AUD, zilizobaki zote zinaweza kuwa upande wa kodi: REG na TCP. Unamaliza ukiwa kwenye uwanja wako.

Kutoka sasa hadi wiki ya kwanza ya Desemba una wiki saba, karibu saa 98. Kwa mtu aliyepata 69, saa hizo zinatosha zikitumika kwenye yale maeneo mawili tu.

---

KodiKwanza

Heshima kwako BintiHesabu, lakini hapa sikubaliani. Kuna jambo halijatajwa: sheria ya kodi imebadilika.

Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imegusa mengi anayojibu mtu wa REG. Punguzo la kawaida la 2025 kwa mtu asiye na mwenza limetoka dola 15,000 hadi 15,750, kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja 31,500. Kikomo cha kodi za jimbo na za mitaa zinazoruhusiwa kupunguzwa kimetoka 10,000 hadi 40,000 kwa 2025, kisha kinashuka kwa wenye kipato kikubwa. Uchakavu wa ziada wa mwaka wa kwanza ulikuwa umeshuka hadi 40%; sasa ni 100% kwa mali iliyopatikana baada ya 19 Januari 2025. Kikomo cha kifungu cha 179 (kuandika gharama ya vifaa yote mwaka wa kwanza) ni dola milioni 2.5. Punguzo la 20% la mapato ya biashara limefanywa la kudumu.

AICPA (chama cha wahasibu kinachotunga mtihani) haiulizi sheria mpya siku inayosainiwa. Kwa desturi huacha miezi sita au zaidi ipite, kisha hutangaza tarehe. Kwa hiyo REG ya Desemba hii itakuuliza sheria ileile uliyoisoma ukapata 73. REG ya baadaye ni kozi mpya ya maandalizi, namba mpya, na maswali ya mazoezi ambayo bado hayajachujwa makosa.

Na hii ya "REG unaishika kazini kila siku" ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kuanzia Januari ofisi yako itakuwa inajaza fomu za 2025 kwa sheria mpya. Vidole vitazoea 31,500 na 100%. Ukikaa kwenye mtihani ambao bado unauliza sheria ya zamani, utajibu kwa namba za ofisini. Huo mgongano ni afadhali uukwepe.

---

LejaNyekundu

Hapo sikuwa nimepafikiria. Lakini 73 ya Juni, si nitakuwa nimesahau? Na sheria ya biashara ndiyo iliyoniangusha, hiyo sigusi kabisa kazini.

---

KodiKwanza

Kusahau kunapimika, usikisie. Fanya hivi wikendi hii: chukua maswali 72 ya kuchagua ya REG, mchanganyiko wa maeneo yote, bila kusoma chochote kabla, dakika 90 kwa saa ya ukutani. Usirudie yale uliyoyakariri. Kozi nyingi zina sehemu ya maswali ambayo hujawahi kuyaona. Ukipata 60% au zaidi ukiwa umepoa hivyo, REG ni kazi ya wiki tano hadi saba. Ukiwa chini ya 50%, basi hoja ya BintiHesabu ina nguvu na mimi nitanyamaza.

Kuhusu sheria ya biashara: hiyo ni habari njema kwako. Ni 15 hadi 25% ya REG, na kwa kiasi kikubwa hutokea kwenye maswali ya kuchagua. Tazama ripoti yako: sheria dhaifu, maswali ya kuchagua dhaifu, simulesheni sawa. Ni tatizo lilelile limeandikwa mara mbili. Tena ni eneo lenye mipaka, lisilo na mahesabu marefu. Yanayohitaji kukaa kichwani:

Mikataba. Tofautisha kwanza bidhaa na huduma au ardhi, kwa sababu kanuni zinatofautiana. Bidhaa za dola 500 na kuendelea zinahitaji maandishi. Ofa ya mfanyabiashara aliyoiandika na kuisaini akiahidi kutoiondoa inamfunga bila malipo yoyote, ila si zaidi ya miezi mitatu. Watu hukosea kwa kutumia kanuni hii kwenye mkataba wa ardhi.

Uwakala. Jiulize kila mara: mamlaka yametoka kwenye maneno ya mwajiri kwa wakala, au kwenye vile mwajiri alivyomfanya mtu wa nje aamini? Mwajiri akimfukuza wakala bila kuwaarifu wateja wa zamani, mamlaka ya kuonekana bado yapo. Na wakala akificha kwamba ana mwajiri, wakala mwenyewe anawajibika kwa mkataba.

Ufilisi. Malipo ya upendeleo kwa mdai: siku 90 kabla ya kufungua shauri, mwaka mmoja kama mdai ni mtu wa ndani. Jua yapi hayafutwi na ufilisi.

Udhamini. Hapa hesabu ni ya wadhamini wenza kugawana kwa uwiano wa viwango walivyodhamini. Deni la 90,000, mmoja amedhamini 60,000 na mwingine 30,000, wa kwanza akalipa 48,000 kumaliza salio lililokubaliwa: anamdai mwenzake theluthi, yaani 16,000. Wengi hugawa nusu kwa nusu.

Saa 30 za kazi ya makini hapo zinatosha. Hakuna mahali kwenye FAR ambapo saa 30 zinakuinulia eneo zima.

---

Mkaguzi_wa_Pwani

Niongeze kuhusu kusoma ripoti, kwa sababu naona watu wanaichukulia kama kadi ya maendeleo ya shule.

"Sawa" maana yake unalingana na watahiniwa waliopata kati ya 75 na 80. "Dhaifu" ni chini yao, "imara" ni juu yao. Hulinganishwi na darasa zima, unalinganishwa na waliofaulu kwa shida. Kwa hiyo "sawa" kwenye maeneo matatu ya kodi za REG ni kauli nzito: kule tayari unafanya kama mtu aliyefaulu.

Sasa weka uzito. REG: maadili na taratibu 10 hadi 20%, sheria 15 hadi 25%, mali 5 hadi 15%, watu binafsi 22 hadi 32%, kampuni na ubia 23 hadi 33%. Udhaifu wako uko kwenye kama moja ya tano ya mtihani.

FAR: utoaji wa taarifa 30 hadi 40%, akaunti za mizania 30 hadi 40%, miamala maalumu 25 hadi 35%. Wewe ni dhaifu kwenye la pili na la tatu. Hiyo ni kama theluthi mbili ya mtihani. Juu ya hapo simulesheni ni nusu ya alama zote za FAR, na ndizo zimekuangusha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza 69 na 73 zinatofautiana vipi, namjibu kwamba moja ina tundu moja na nyingine ina paa linalovuja pande mbili. Sijali alama nne.

---

BintiHesabu

Nimekuelewa Mkaguzi, na hoja ya sheria mpya naikubali. Hiyo inabadilisha hesabu yangu. Bado nasisitiza kwamba FAR isilale hadi Mei. Hata kama REG inatangulia, Jumapili moja kila wiki, saa mbili, simulesheni mbili za FAR. Bila hivyo Mei utakuwa unaanza upya.

Na kwa kuwa msingi wako ni IFRS, nadhani najua tundu lako liko wapi. Mtu aliyelelewa na IFRS anajibu FAR vizuri hadi afike kwenye simulesheni, kisha anafuata mazoea. Orodha ninayompa kila mtu mwenye CPA(T) ya Tanzania au aliyepita KASNEB (bodi ya mitihani ya Kenya) akija upande huu:

Mali na mitambo: kuthaminisha upya hakuna. Gharama toa uchakavu, basi.

Upungufu wa thamani wa mali unayoendelea kuitumia: Marekani kuna hatua mbili. Kwanza linganisha thamani ya kitabuni na jumla ya fedha zitakazoingia *bila* kuzipunguza kwa riba. Zikizidi, unaishia hapo. Mfano: kitabuni 500,000, fedha zitakazoingia 520,000, thamani ya soko 430,000. Hasara ni sifuri. Mtu wa IFRS anachukua kubwa kati ya thamani ya soko toa gharama za kuuza na thamani ya matumizi, tuseme 440,000, anaandika hasara ya 60,000. Ni hesabu nzuri, kwenye mtihani ambao si wenyewe. Na hasara ikishaandikwa hapa, hairudishwi.

Bidhaa ghalani: LIFO (ya mwisho kuingia, ya kwanza kutoka) inaruhusiwa na inaulizwa. Ukishaishusha thamani, hiyo ndiyo gharama mpya. Huirudishi juu bei zikipanda baadaye.

Gharama za kuendeleza bidhaa mpya: kwa ujumla zote ni matumizi ya mwaka. Usitafute vile vigezo sita vya kuzifanya mali.

Mtiririko wa fedha: riba iliyolipwa, riba iliyopokewa na gawio lililopokewa vyote ni shughuli za uendeshaji. Gawio lililolipwa ni ufadhili. Hakuna kuchagua.

Ukodishaji ndipo penye kilio. IFRS 16 inamfanya anayekodi mali ya mwingine atambue riba na uchakavu karibu kila mara. Marekani kuna aina mbili, na ile ya uendeshaji inatoa gharama moja iliyonyooka. Chukua mkataba wa miaka mitatu, malipo mwisho wa mwaka 10,000, 12,000 na 14,000, riba 6%. Deni la mwanzo ni 31,869. Gharama ya kila mwaka ni 36,000 gawa kwa 3, yaani 12,000. Riba ya mwaka wa kwanza ni 1,912. Mali inapungua kwa tofauti: 12,000 toa 1,912, ambayo ni 10,088. Mwisho wa mwaka deni ni 23,781 na mali ni 21,781. Jihakiki: zinatofautiana 2,000, na hiyo ni 12,000 uliyoitambua toa 10,000 uliyoilipa. Ikikataa kufunga hivyo, umegawa mali kwa 3 kwa mazoea.

---

LejaNyekundu

Dada BintiHesabu, umenisoma. Simulesheni ya ukodishaji nilikata mali kwa mstari ulionyooka na nikaongeza riba juu yake.

Disiplini je? Naambiwa niende TCP kwa sababu ni rahisi.

---

Mizani_Sawa

Neno "rahisi" tuliweke pembeni kidogo. Kwa mwaka 2024 waliofaulu TCP walikuwa karibu 74%, ISC karibu 58%, BAR karibu 38%. FAR ilikuwa karibu 40%, AUD karibu 46%, REG karibu 63%. Lakini ni nani anayekaa TCP? Watu wa kodi, wengi wakiwa wametoka REG wiki chache nyuma. Asilimia ile inawaelezea wao kwanza, mtihani baadaye. Mtu wa ukaguzi ambaye hajagusa ubia hapati 74% kwa kujiandikisha tu.

Wewe ni mtu wa kodi, kwa hiyo TCP ni chaguo lako kwa sababu halali, na leseni ni ileile kwa disiplini yoyote. BAR inachukua yale mazito yaliyotolewa FAR: kuunganisha kampuni, vyombo vya kujikinga na hatari, malipo ya hisa kwa wafanyakazi, upande wa mkodishaji anayetoa mali, na serikali za majimbo na za mitaa. Aliyepata FAR 69 yenye maeneo mawili dhaifu asiiwaze. ISC inashikana na AUD kwenye udhibiti wa mifumo na ripoti za SOC (za udhibiti katika kampuni zinazotoa huduma). Ingekuwa mbadala kama ungekuwa ukaguzi. Ukianguka disiplini moja unaruhusiwa kujaribu nyingine.

---

KodiKwanza

Naunga mkono. Na TCP ifuate REG mara moja, hiyo ndiyo faida yenyewe. REG inakufundisha kutenganisha vitu vinavyokwenda kwa mbia mmoja mmoja. TCP inakuuliza vinafanya nini kwenye besisi yake (thamani ya mali au hisa kwa macho ya kodi).

Jipime na hili. Mbia anaingiza jengo lenye thamani ya soko 100,000, besisi 60,000, na mkopo wa 40,000 unaochukuliwa na ubia. Anapata 25%. Besisi yake kwenye ubia ni 60,000 toa 40,000 jumlisha sehemu yake ya mkopo huohuo, 10,000: jumla 30,000. Hakuna faida ya kutozwa. Ubia unalichukua jengo kwa 60,000. Sasa badilisha ubia uwe kampuni ya S (ile ambayo mapato yake hutozwa kodi kwa wanahisa): madeni ya kampuni hayampi mwanahisa besisi, na mkopo ukizidi besisi ya mali aliyoingiza, ziada inakuwa faida. Ukiweza kueleza tofauti hiyo bila kitabu, TCP uko nusu ya njia.

Tahadhari moja tu: REG na AUD na FAR zinafanyika mwaka mzima, disiplini zina madirisha. 2024 zilianza na mwezi wa kwanza wa kila robo. Angalia kalenda ya AICPA ya mwaka unaohusika kabla hujalipa, na uangalie pia tangazo lao kuhusu sheria gani ya kodi inaulizwa kwenye dirisha hilo.

---

Ghuba_Leja

Samahani kuingilia. Niko Muscat. Haya yote yanatuhusu sisi wa huku, au mpangilio wa sehemu unabadilika?

---

Mizani_Sawa

Mtihani ni uleule na mpangilio wa hoja ni uleule. Kinachobadilika ni gharama: kufanyia nje ya Marekani kuna ada ya ziada kwa kila sehemu, na unafanya kwenye vituo vya Prometric vya nchi zilizoidhinishwa. Falme za Kiarabu zimo, kwa hiyo Dubai ni karibu nawe. Kwa sababu kila jaribio linabeba na safari, wewe una sababu kubwa zaidi ya kurudia kwanza ile iliyo karibu na 75. Thibitisha pia kwamba jimbo unaloombea linaruhusu kituo cha nje.

---

LejaNyekundu

Nimefanya maswali 72 ya REG kama KodiKwanza alivyosema, bila kusoma. 64%. Sheria ya biashara peke yake 41%, kodi zote juu ya 68%.

Mpango: REG wiki ya kwanza ya Desemba. TCP mwisho wa Januari dirisha likiwepo na sheria ikiniruhusu. Jumapili simulesheni mbili za FAR. FAR kamili kuanzia 20 Aprili, nikae mwisho wa Juni. Nilipie zote tatu sasa?

---

Mkaguzi_wa_Pwani

Mpango mzuri. Usilipie zote tatu. NTS (kibali cha kupanga tarehe ya mtihani) kwa majimbo mengi ni miezi sita, na sehemu isiyofanywa ndani yake ada yake inapotea. Kila sehemu ni zaidi ya dola 250. NTS ya Oktoba inakufa Aprili, FAR yako ni Juni. Omba REG sasa, TCP ukishaona kalenda, FAR mwezi Aprili. Sehemu uliyoanguka huwezi kuiomba tena kabla matokeo yake hayajatoka, lakini wewe REG na FAR zote zimetoka, hilo halikuzuii. Jina kwenye NTS liwe sawasawa na kitambulisho, hasa sisi wenye majina matatu.

Wiki saba za REG ningezigawa hivi. Tatu za kwanza: sheria ya biashara saa tisa kwa wiki, zilizobaki maswali mchanganyiko ya kodi 40 kwa siku tano, ili yale "sawa" yasishuke. Wiki ya nne na ya tano: taratibu za kodi na mali. Miaka mitatu ya ukaguzi wa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), sita kama mtu ameacha zaidi ya 25% ya mapato ghafi, bila kikomo kwenye udanganyifu. 5% kwa mwezi kwa kuchelewa kuwasilisha hadi 25%, 0.5% kwa kuchelewa kulipa. Hizo ni alama za bure, uko imara, zisikutoke tu. Wiki ya sita: simulesheni kwa saa. Ya saba: mtihani mzima mara mbili, saa nne kila mmoja.

---

BintiHesabu

Na mgawanyo wa muda siku yenyewe, dada, kwa sababu maswali yako ya kuchagua ndiyo dhaifu na mtu akiwa na wasiwasi hukaa nayo sana. REG ina maswali 72 kwenye vifungu viwili vya 36, kisha simulesheni nane: mbili, tatu, tatu. Dakika 240. Kila kifungu cha maswali ni dakika 45, unatoka hata kama kuna mawili unayatilia shaka. Jibu kosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache wazi. Ukikifunga kifungu hakifunguki tena. Simulesheni mbili za kwanza dakika 36, unabakiwa na 114 kwa sita. Mapumziko ya dakika 15 yanakuja baada ya hizo mbili na hayakati muda wako, yachukue.

Zoea pia jedwali la kompyuta la mtihani. Tangu 2024 Excel imeondolewa, kuna jedwali lao lingine lenye vitufe tofauti kidogo. Mitihani ya mfano ya AICPA ni bure na ina jedwali hilohilo. Fanya mmoja wa REG Novemba, na mmoja wa FAR Mei, ule wa ukodishaji uufanyie humo ndani mwanzo hadi mwisho.

---

LejaNyekundu

Nimeomba REG pekee, jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Jumapili ya kwanza ya FAR naanza na ukodishaji na upungufu wa thamani. Matokeo yakitoka nitaweka ripoti hapa mstari kwa mstari.